Kusema na kumeza: kazi ya ortofonisti, na ile jamaa inaweza kufanya nyumbani

Mugonjwa wa AVC akirudi kutoka hospitali, lupango inajaa watu. Majirani wanafika, watu wa kanisa wanafika, na karibu kila mumoja anauliza: «Amekula? Amekunywa?» Mutu mumoja analeta kopo ya maji, mwengine anainua kichwa cha mugonjwa kidogo juu ya muto, wanamumiminia. Mugonjwa anakohoa. Wanamupiga mugongoni, kisha wanaendelea. Siku chache nyuma homa inapanda, kifua kinajaa, na akifa watu wanasema AVC ndiyo imemumaliza. Lakini mara nyingi kile kimemumaliza ni maji na chakula vyenye vilipita njia ya mapafu.

Katika nyumba ingine kuko baba mwenye hawezi tena kutaja jina la bibi yake. Watu wanasema kichwa chake kimeharibika, wanaanza kuzungumuza mbele yake kama vile hayuko. Katika nyumba ya tatu kuko mutoto wa miaka mine mwenye hajasema neno hata moja, na kila mutu katika kartie iko na sababu yake: mwengine anasema ulimi umefungwa, mwengine anasema ni ulozi.

Mambo haya matatu yanaonekana kuwa mbalimbali, lakini kuko kazi moja yenye inayashugulikia yote: ortofoni. Hapa Lubumbashi watu wachache wanaijua, na wataalamu wake ni wachache zaidi. Ndiyo maana inafaa tuieleze vizuri, juu sehemu kubwa ya kazi hiyo inafanywa na jamaa, nyumbani, wakati wa kula na wakati wa kuongea.

Ortofonisti ni nani?

Neno linatoka katika Kigiriki: «orthos» ni sawa, «phone» ni sauti. Munganga Marc Colombat ndiye alianza kulitumia kule Paris, kuelekea mwisho wa miaka ya 1820, wakati alikuwa anatunza watu wenye kigugumizi. Ufaransa ilitambua kazi hiyo kwa sheria ya tarehe 10 Julai 1964. Wabelgiji wanaiita logopedi. Kwetu Congo, juu ya historia yetu na Ubelgiji na vitabu vyetu vya Kifaransa, unaweza kusikia majina yote mawili. Ni kazi moja.

Watu wengi wanafikiri ortofonisti ni mwalimu wa kutamuka vizuri. Ni kweli anafanya hivyo, lakini anafanya mengi zaidi. Anapima namna mutu anaelewa maneno, namna anayatafuta, namna anayatoa mudomoni. Anasaidia mutoto mwenye anachelewa kusema, mutu mwenye kigugumizi, mwalimu mwenye sauti imekwisha, mutoto mwenye alizaliwa na mudomo wenye kupasuka, mutu mwenye hasikii vizuri. Na jambo lenye linawashangaza wengi: anapima pia namna mutu anameza.

Sababu gani kusema na kumeza vinawekwa pamoja? Juu vyombo ni vile vile. Midomo, ulimi, mashavu, kaakaa na koo vinafanya kazi zote mbili. Weka kidole juu ya koo yako na umeze mate: utasikia koo inapanda kisha inashuka. Katika dakika hiyo fupi, zaidi ya misuli 25 imefanya kazi kwa mupango. Ulimi umesukuma tonge nyuma, kaakaa laini imefunga njia ya pua, koo imepanda, na mulango wa mapafu umefungwa ili chakula kiende katika njia ya tumbo. Pumzi inasimama kidogo, kisha inaendelea. Tunafanya hivyo mara mamia kila siku bila kufikiri. Ubongo ukiumia, mupango huo unachelewa. Mulango wa mapafu unabaki wazi wakati maji tayari yanashuka.

Nyuma ya AVC: angalia kumeza mbele ya yote

AVC ni mushipa wa damu wenye unaziba ao unapasuka ndani ya ubongo. Kiswahili kingine kinaita kiharusi. Katika siku za kwanza, karibu nusu ya wagonjwa wako na shida ya kumeza. Kwa wengi inapungua katika majuma ya kwanza, na ndiyo maana siku hizo zinaomba uangalifu sana: ukimulinda mugonjwa kwa wakati huo, anaweza kurudilia kula sawa vile zamani.

Alama zenye zinaonyesha kama mutu hamezi vizuri ni hizi:

- anakohoa ao anajikaza koo wakati wa kula ao kunywa, ao dakika chache nyuma;
- sauti yake inageuka kuwa ya majimaji, kama vile anaongea na maji kooni;
- chakula kinabaki ndani ya shavu, ao kinatoka kwa upande wa mudomo;
- mate yanatiririka;
- chakula kinachukua wakati murefu sana, na anachoka mbele ya kumaliza;
- anapata homa na kifua mara kwa mara, ao anakonda.

Kuko jambo moja lenye linadanganya watu: wagonjwa wengine hawakohoi hata kidogo wakati maji yanaingia mapafuni, juu koo haisikii tena. Kwa hiyo usiseme «hakohoi, basi anameza vizuri». Angalia pia sauti, homa na pumzi.

Jambo la pili lenye kudanganya ni maji yenyewe. Kwetu, maji ndiyo kitu cha kwanza chenye tunamupa mugonjwa, tukifikiri ni kitu chepesi. Kwa koo yenye kuchelewa, maji ndiyo kitu kigumu kuliko vyote, juu yanakimbia. Yanafika chini mbele mulango wa mapafu ufungwe. Uji wenye uzito kidogo unashuka polepole na unaipa koo wakati. Ila kila mugonjwa iko na yake: wengine wanashindwa maji, wengine wanashindwa vitu vigumu. Wataalamu wanatumia kipimo cha kimataifa chenye kinaitwa IDDSI, chenye ngazi 8, kutoka 0 (maji) mupaka 7 (chakula cha kawaida), ili kusema mugonjwa huyu anaweza nini. Kwa hiyo mbele ya kupewa kitu chochote kwa mudomo, inafaa munganga, infirmie ao ortofonisti amupime. Ikionekana kama hawezi, wanaweza kumuwekea mupira wa puani kwa muda. Jamaa nyingi zinaogopa mupira huo, zinafikiri ni alama ya kifo. Ni kinyume: unamulisha bila kuhatarisha mapafu, kisha unatolewa koo ikipata nguvu.

Mugonjwa akiruhusiwa kula, fanya hivi:

Mukalishe. Mugongo umesimama, miguu inagusa chini, kichwa sawa ao kimeinama kidogo mbele. Usimulishe akiwa amelala, na usimuinamishe kichwa nyuma. Kichwa nyuma ndiyo inafungua njia ya mapafu.

Aamuke vizuri. Mutu mwenye usingizi hamezi. Kama analala-lala, ngoja.

Kijiko kidogo, kimoja kimoja. Kaa mbele yake, kwa urefu wa macho yake. Angalia koo ipande na ishuke mbele ya kuleta kijiko kingine. Mwambie afungue mudomo uone kama shavu iko tupu.

Usimusemeshe akiwa na chakula mudomoni. Tunapenda kula tukipiga masolo, lakini kwa mugonjwa huyu, kusema na kumeza kwa wakati mumoja ni hatari.

Akimaliza, abaki amekaa kwa nusu saa hivi.

Safisha mudomo. Hata kama hakuli kitu. Meno na ulimi vyenye uchafu vinajaza mate microbe, na mate hayo yakishuka mapafuni yanaleta ugonjwa wa kifua. Mswaki wa asubui na mangaribi ni dawa yenye haiombi franka mingi.

Na chakula chenyewe? Hatuko na lazima ya kununua vitu vya sanduku. Bukari ngumu inashika mudomoni, inaomba nguvu ya ulimi. Ilainishe na supu mupaka iwe laini kabisa, ao pika uji mzito. Sombe yenye kupondwa vizuri na kupikwa sana inapita kuliko lengalenga yenye nyuzi. Viazi vitamu vyenye kupondwa, maboke, avoka, ndizi yenye kuiva, maharagi yenye kupondwa na kuchujwa ngozi, yote ni mazuri. Samaki, toa mifupa yote na vidole vyako mwenyewe, kisha changanya na supu. Acha karanga, mahindi ya kuchoma, mikate mikavu, na supu ya maji yenye vipande vinaelea ndani, juu hiyo inaomba koo ifanye kazi mbili kwa mara moja.

«Baba hasemi tena, lakini anatuangalia tu»

Karibu mutu mumoja kwa watatu wenye walipigwa na AVC anapata shida ya lugha yenye wanganga wanaita afazi. Mwaka wa 1861, kule Paris, munganga Paul Broca alimupima mugonjwa mumoja mwenye jina Leborgne. Kwa miaka mingi mutu huyo alikuwa anaweza kutamuka paka neno moja, «tan», na watu walimuita hivyo. Lakini alikuwa anaelewa mambo mengi yenye walimwambia. Alipokufa, Broca aliona kidonda upande wa kushoto wa ubongo, mbele. Mwaka wa 1874, Mujerumani Carl Wernicke alieleza aina ingine: wagonjwa wenye wanasema sana, lakini maneno hayana maana, na wanashindwa kuelewa wengine.

Somo la mambo hayo kwa jamaa ya leo ni moja: kupoteza maneno si kupoteza akili. Baba mwenye hawezi kusema jina lako anajua wewe ni nani. Anajua nani anakuja kumuona na nani haji. Anasikia mukigawanya vitu vyake mbele yake.

Ortofonisti anamufanyisha mazoezi ya kutafuta maneno, ya kuelewa, ya kusoma. Lakini anafundisha pia wale wenye kuishi naye. Mambo yenyewe ni rahisi:

Zimisha redio na televizio mbele ya kumusemesha. (Ndiyo, hata yetu.) Sema maneno mafupi, kwa sauti ya kawaida, yeye si kiziwi, na si mutoto. Uliza swali lenye anaweza kujibu kwa kichwa: «Baba, uko na njala?» badala ya «Baba, unataka tukupikie nini leo?» Onyesha kitu: inua kopo, inua sahani, acha achague na mukono. Chora. Tafuta picha za watu wa nyumbani na za vitu vya kila siku, uziweke katika kaye. Kisha ngoja. Hesabu kumi katika moyo mbele ya kumusaidia. Wengi wetu tunamukata mugonjwa neno wakati alikuwa karibu kulipata.

Kuko jambo lenye limeshangaza jamaa nyingi: mutu mwenye hawezi kuomba maji anaweza kuimba wimbo wa kanisa mupaka mwisho, ao kuhesabu mupaka kumi, ao kusali «Baba Yetu» pamoja na wengine. Si muujiza na si uongo. Nyimbo na maneno tuliyoyarudilia tangu utoto hayategemei sana sehemu ya ubongo yenye imeumia. Katika miaka ya 1970, watafiti kule Boston, Marekani, walitengeneza njia ya matibabu yenye inapitia wimbo: mugonjwa anaimba kwanza maneno mafupi yenye anahitaji, akipiga kidole kwa kila silabi, kisha polepole anaondoa wimbo na anabakiza maneno. Korali za kwetu, Katuba ao Kenya, hazijui tu kama zinashika chombo cha hospitali mikononi.

Na lugha? Mutu wa Lubumbashi iko na Kiswahili cha mujini, iko na lugha ya kwao, Kibemba, Kiluba, Kisanga ao ingine, na iko na Kifaransa cha shule na kazi. AVC haiharibu lugha zote kwa kipimo kimoja. Kwa wengine lugha ya utoto inarudi kwanza, kwa wengine ile waliyoitumia sana kazini. Hakuna mutu anaweza kujua mbele. Kwa hiyo jaribu zote. Kama munganga amepima kwa Kifaransa peke yake na kuandika «haelewi», dada yake mugonjwa mwenye anajua lugha ya kijiji aingie naye.

Mutoto mwenye hasemi

Mutoto anaelewa mbele ya kusema. Karibu na mwaka mumoja anataja maneno ya kwanza. Kufikia miaka miwili anaunga maneno mawili, «mama mayi». Kufikia miaka mitatu, hata mugeni anamuelewa kwa sehemu kubwa. Wakianza Kiswahili, watoto wanaacha vipande vya mbele vya kitendo: badala ya «ninataka» wanasema kipande tu. Mutafiti Kamil Ud Deen alifuata watoto wa Nairobi na kuona hivyo kwa wote. Hiyo si ugonjwa, ni njia ya kujifunza.

Lakini kama mutoto wa miaka miwili hana neno, ao alikuwa na maneno na yakapotea, usingoje. Jambo la kwanza ni masikio. Mutoto mwenye hasikii hawezi kujifunza kusema peke yake. Simama nyuma yake, piga makofi, umuite. Kisha hata kama amegeuka, omba munganga wa masikio, pua na koo (ORL) amupime, juu mutoto anaweza kusikia ngoma na asisikie maneno. Ikionekana ni kiziwi, lugha ya ishara ni lugha kamili. Kumufundisha mapema hakumuzuizi kusema, kunamupa akili ya lugha.

Sababu zingine ni nyingi: kuchelewa kulia wakati wa kuzaliwa, umanjano mukali wa siku za kwanza, meninjite, otisme. Na kuko malaria. Kule Kilifi, pwani ya Kenya, katika miaka ya 2000, mutaalamu wa lugha Julie Carter na wenzake walifuata watoto wenye walipona malaria kali ya kichwani. Waliona kama wengine walibaki na shida ya lugha ao ya kukumbuka, hata kama walionekana wazima wakati wa kutoka hospitali. Katika jimbo letu, pahali malaria inaingia katika kila nyumba, hiyo inatuhusu: mutoto mwenye alipatwa na degedege na kuzimia, angalia lugha yake miezi na miaka yenye inafuata.

Sasa tuseme juu ya mambo yenye yanasemwa katika kartie.

*«Ulimi umefungwa, tuukate.»* Kuko watoto wenye kamba ya chini ya ulimi ni fupi. Inaweza kusumbua kunyonya, na munganga ndiye anaamua. Lakini kamba hiyo haimufanye mutoto akose maneno yote. Kuikata na wembe kunaleta damu na tetanosi. Ni vile vile kwa kukata kimio, kile kinyama kidogo cha nyuma ya mudomo, jambo lenye linafanywa katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki.

*«Lugha mingi zinamuchanganya.»* Hapana. Watoto wa dunia nzima wanakomaa na lugha mbili ao tatu. Wanaweza kuzichanganya kwa muda, lakini hazimunyamazishi mutoto. Wazazi wenye wanaacha Kiswahili nyumbani ili waseme Kifaransa chenye wao wenyewe hawakizoee, wanamunyima mutoto maneno mengi na mazuri. Museme lugha yenye inatoka moyoni.

*«Ni ndoki.»* Hapa si maoni tena, ni sheria. Katiba yetu ya mwaka 2006, katika artikle ya 41, inakataza kumushitaki mutoto ulozi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mutoto inatoa azabu. Tena, sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki za watu wenye ulemavu. Mutoto mwenye hasemi hawezi kujitetea wakati wanamusingizia. Ndiyo maana yeye ndiye wa kwanza kusingiziwa.

Mutoto mwenye kula kwake ni vita

Mutoto mwenye ubongo wake uliumia wakati wa kuzaliwa anaweza kuwa na shingo yenye kulegea ao mwili wenye kukazana. Mama anatumia saa nzima kwa sahani moja. Akichoka, anamulaza mutoto juu ya magoti, kichwa nyuma, anamumiminia uji; wengine wanamufunga pua ili ameze kwa nguvu. Hakuna mama anafanya hivyo juu ya ubaya. Anaogopa mutoto atakufa na njala. Lakini mutoto mwenye pua imefungwa anavuta pumzi kwa mudomo, na uji unafuata pumzi.

Mukalishe badala ya kumulaza: katika beseni yenye kujazwa nguo, katika kona ya ukuta, ao juu ya kiti chenye fundi wa mbao ametengeneza na kamba ya kifua. Kichwa sawa, kidevu chini kidogo. Uji mzito wenye haukimbii. Chakula kidogo, mara mingi kwa siku. Akikaza mwili na kugeuza kichwa, anakwambia «ngoja». Hiyo ni lugha yake. Ukiifuata, atajifunza kama kusema kuna faida.

Mutoto mwenye amezaliwa na mudomo ao kaakaa yenye kupasuka (duniani ni karibu mumoja kwa watoto 700) hawezi kuvuta maziwa vizuri kama kaakaa iko wazi. Mama akamue maziwa yake, amunyweshe na kijiko ao kopo ndogo, mutoto akiwa amekaa. Kupasuka kunatengenezwa. Shirika Smile Train, lililoanzishwa mwaka 1999, linasaidia hospitali katika inchi nyingi, na kwetu pia, ili upasuaji ufanywe bila jamaa kulipa. Mudomo unatengenezwa katika miezi ya kwanza, kaakaa mara nyingi karibu na mwaka mumoja. Watu wengi wanasimama pale. Lakini mutoto amejifunza kusema na hewa inapita puani, na nyuma ya upasuaji anahitaji mazoezi ili maneno yatoke mudomoni. Bila hayo uso unapona na sauti inabaki.

Kigugumizi na sauti

Karibu watoto 5 kwa 100 wanapitia kigugumizi, na wengi kinawaacha. Katika watu wazima kinabaki kwa karibu 1 kwa 100, zaidi wanaume. Hakitoki kwa woga wala kwa kuiga, na kumupiga mutoto na kijiko mudomoni hakukiponyeshi. Usimwambie «pumua kwanza», usimumalizie neno. Mutazame, ngoja, jibu kile alisema na si namna alisema.

Sauti yenye kukauka inawapata walimu wenye madarasa ya watoto wengi, wahubiri, na vijana wenye wanaita abiria kwenye bisi. Vumbi ya wakati wa kiangazi inaongeza. Kunywa maji, pumzisha sauti, usinong'one kwa nguvu. Kama imekauka kwa majuma zaidi ya tatu, uende kwa ORL, juu wakati mwengine kuko uvimbe.

Wataalamu wako wapi?

Afrika ilichelewa kufundisha kazi hii. Katika inchi zenye kusema Kifaransa, shule ya Lomé, Togo, ilianza kufundisha maortofonisti mwaka 2003. Kwa upande wa Afrika Mashariki, Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, kilianza mwaka 2008. Wenye wametoka huko ni wachache kwa mamilioni ya watu.

Kilifi ilionyesha njia ingine. Watafiti, kati yao Karen Bunning na Joseph Gona, walitembelea nyumbani watoto wenye hawawezi kusema, wakawafundisha walezi kutumia ishara, picha na vitu vya kawaida. Katika ripoti yao ya mwaka 2014, walezi walieleza kama waliona mabadiliko katika namna mutoto anawasiliana nao. Mutaalamu alikuja mara moja moja. Mama alikuwa pale kila siku.

Hapa Lubumbashi, ukiwa Sendwe, ku Kliniki za Chuo Kikuu ao katika santé ya kartie, usiulize tu «ortofonisti iko?» na kurudi nyumbani wakisema hapana. Uliza kinezi, uliza ORL, uliza munganga wa watoto ao wa ubongo. Kila mumoja wao anaweza kushika sehemu ya kazi hii.

Na mbele ya kutoka hospitali na mugonjwa wa AVC, simama mbele ya infirmie na umuulize maswali matatu: Je, mumepima namna anameza? Anaweza kula chakula cha namna gani, na kunywa nini? Anaelewa kwa lugha gani, na tumusemeshe namna gani? Omba akuonyeshe kijiko cha kwanza, na wewe ufanye cha pili yeye akiwa anaangalia.

Kama uso wa mutu umeinama upande mumoja kwa gafula, mukono unaanguka, ao maneno yanakataa kutoka, usimupe maji, usimupe dawa kwa mudomo, usingoje asubui. Mulalishe kwa ubavu kama hana fahamu, tafuta gari, na uende hospitali saa ile ile.